Njia Yetu Ilitengenezwa kwa Misiba

Katekista wetu alikuwa mtu wa hasira, na mimi ni mtu wa hasira, kwa hiyo nadhani naweza kumweleza vizuri kuliko wale wanaomkumbuka siku hizi kwa kutikisa kichwa na kusema alikuwa mzee wa Mungu. Sikatai, alikuwa mzee wa Mungu. Lakini siku za Jumamosi nadhani hata Mungu alikuwa akimwogopa kidogo.

Nilimfahamu tangu nilipoletwa Karatu kutoka Kilimanjaro, nikiwa nimeolewa juzi tu, mume wangu akiwa na duka dogo la misumari na sufuria pale mjini. Tulipewa kiwanja kwenye mteremko nje kidogo ya mji, na nyumba ya Katekista ilikuwa mkabala na yetu. Katikati yetu ilipita njia. Lazima nieleze njia hiyo kwanza, maana bila njia mtu huyu haeleweki.

Wakati watu wanahamishiwa vijijini, bwana mmoja kutoka wilayani alifika na kamba na vigingi. Akaivuta ile kamba kutoka barabara kubwa huko chini hadi kileleni, moja kwa moja, akasema nyumba zikae huku na huku, katikati iwe njia. Wairaqw waliokuwa wakilima miteremko ile tangu zamani walimwambia kwamba hata mbuzi hapandi mlima moja kwa moja, anapinda. Akawajibu kwamba ramani haipindi. Akakunja kamba yake, akapanda gari, na hatukumwona tena. Masika ya kwanza maji yaliikuta ile njia imenyooka, yakaifanya mto. Masika ya pili tulikuwa na makorongo ambayo ndama angeweza kulala ndani usimwone. Wazee walipokwenda kuuliza, wakaambiwa ile haimo kwenye barabara za serikali, ni njia ya wakazi wenyewe, waitunze wenyewe. Yaani walituchorea wao, kisha ikawa yetu. Mpaka leo nikilikumbuka jibu lile damu inanichemka.

Katekista ndiye aliyesema hatutakaa hivyo. Mbele ya nyumba yake alikuwa ametundika ringi ya lori kwenye mti, ndiyo kengele yetu ya sala. Akaamua iwe kengele ya kazi pia. Akigonga taratibu, ni sala. Akigonga haraka haraka, ni msaragambo, watu wote watoke na majembe na karai. Watu walioisikia ringi ya sala wakiwa hadi ng'ambo ya bonde, Jumamosi walikuwa viziwi ndani ya nyumba zao. Tulikuwa tunatoka wachache, mimi na mume wangu tukiwemo, na Katekista katika magambuti yake na koti zito la kijani ambalo hakulivua hata jua likiwaka. Changarawe tuliichimba kwenye shimo nyuma ya shamba la kahawa, tukaileta kwa mkokoteni wa maksai wake. Wewe ukishamwaga na kusawazisha, alikuja akakanyaga kwa kisigino na kuzungusha. Kokoto zikiruka, alikutazama.

"Hii umemwaga," alisema. "Hujashindilia. Mwaga ni ya mvua, shindilia ni ya mtu."

Ulimsikia hivyo asubuhi nzima. Hakujua kumsifu mtu. Siku moja mume wangu alifanya kazi mpaka viganja vikachubuka, na Katekista alichosema ni kwamba angekuja mapema angemaliza mapema.

Walioshindwa kutoka aliwasubiri kanisani. Padre alikuja kigango chetu mara chache, hivyo Jumapili nyingi ibada iliongozwa na yeye, na maombi ya waamini alikuwa anayatunga palepale. Aliwaombea wagonjwa, wasafiri, viongozi wa nchi, kisha akashusha sauti. "Tuwaombee pia ndugu zetu ambao jana migongo iliwauma, na leo kwa rehema zako tunawaona wamekaa wima. Ee Bwana." Na sisi wote, wenye migongo na wasio na migongo, tuliitikia twakuomba utusikie. Watoto walicheka. Wenye migongo walitazama dari.

Mtu aliyefanya kazi hivyo utadhani alikuwa na akili ya njia. Hakuwa nayo. Aliwahi kuona msaragambo umekufa, akatangaza kwamba tangu siku ile kila nyumba itatunza kipande cha mbele yake, asitegemewe mtu. Nilimwambia italeta shida, akaniambia mimi natoka kwenye migomba, mambo ya changarawe nimwachie. Basi watu waliokuwa hawatoki kwa ajili ya wote wakatoka kwa ajili ya kipande chao. Kila mmoja akanyanyua pake ili maji yaende kwa jirani. Jirani naye akanyanyua zaidi. Jamaa mmoja alimwaga mpaka matofali mabovu ya jiko lake la zamani. Kufikia vuli njia yetu ilikuwa ngazi, kila nyumba na kidato chake, na kati ya kidato na kidato dimbwi la tope ambalo bata walilifurahia. Baiskeli hazikupita. Maksai wake mwenyewe walikataa. Na Katekista aliyepitisha sheria ile alisimama juu ya kidato chake, kilichokuwa kirefu kuliko vyote, akagomba kwamba watu wa mtaa huu wana ubinafsi.

Tulizivunja zile ngazi wenyewe. Yeye hakukubali hata siku moja kwamba wazo lilikuwa lake.

Lakini alikuwa pia mtu ambaye akikugombeza Jumamosi, Jumatatu alfajiri ungekuta kibuyu cha mtindi mlangoni. Ukimshukuru alikasirika upya. Mwanangu Pendo alipougua surua, alikuja akakaa kwenye kigoda karibu na mlango, akasali rozari mpaka mwisho, akaondoka bila kunywa chai. Kwa hiyo hasira yangu kwake haikuwa rahisi. Ingekuwa rahisi angekuwa mtu mbaya tu.

Sasa nije kwa mke wake, maana hasira yake yote juu ya njia ilianzia hapo.

Mama Katekista alikuwa ameacha kutembea. Miguu ilianza kuvimba, ikafuata kuuma, kisha ikakataa kabisa, na alikuwa bado si mzee wa kukaa ndani. Alikuwa mcheshi, mwenye sauti ya kusikika hadi kwangu, na kabla ya ugonjwa hakuna mnada uliompita. Mnada wa Karatu wakati ule ulikuwa dunia. Ng'ombe na mbuzi upande mmoja, nyama inachomwa, Wamasai wameshuka kutoka Ngorongoro na mashuka yao, akina mama wa Kiiraqw na kunde na vitunguu, na kwenye kona fulani vitenge vilivyovuka mpaka kimyakimya, maana madukani nguo hazikuwepo. Mama Katekista hakutamani kitu kingine duniani. Mumewe alimnunulia vitenge, lakini yeye alijua rangi mbili tu, kahawia na kahawia iliyoiva.

"Mama Pendo," aliniambia, "nimechoka kuvaa macho ya mume wangu. Nataka nikachague mwenyewe."

Padre alikuwa tayari kumchukua na Land Rover ya parokia siku yoyote ya mnada. Lakini ile Land Rover ilifika kwenye korongo la kwanza, chini kabisa, ikasimama. Katekista alimpakia mkewe kwenye mkokoteni mara moja. Ukapinduka kwenye tope, akaumia bega. Vijana walijitolea kumbeba kwenye kiti, akakataa mwenyewe. Alisema akifika amebebwa watu watampa pole mnada mzima, na yeye hakutaka pole, alitaka kushuka kwenye gari na kubishana bei. Hilo tu. Ndiyo maana mumewe aligonga ringi ile kila Jumamosi kana kwamba kuna moto. Alitaka njia ipandishe gari moja, mara mbili kwa mwezi, mke wake akachague kitenge. Na mtaa mzima ulijua hivyo, na mtaa mzima uliumwa migongo.

Isipokuwa mtu akifa.

Hili ndilo linalonitia wazimu. Viwanja vyetu vilikuwa vidogo, hivyo tulizikana kwenye makaburi ya parokia huko bondeni, na jeneza lilishushwa kwa Land Rover. Mtu akifa tu, kabla hata ringi haijagongwa, wanaume walikuwa wameshatoka na majembe, machepe na sururu. Wale wale. Aliyekuwa hawezi kuinama Jumamosi, Jumanne alikuwa ndani ya korongo hadi kiunoni akipanga mawe. Walijaza, wakamwaga changarawe, wakachimba na mtaro kando. Ilikuwa aibu kubwa mno marehemu atikiswe njiani. Na kazi iliyokuwa haiwezekani mwaka mzima ilikwisha kwa asubuhi moja. Baadaye njia ilikaa nzuri majuma machache, mpaka mvua, kisha tukarudi kwenye makorongo.

Unaona inakokwenda. Mama Katekista alikuwa anakwenda mnadani baada ya misiba. Alipokufa fundi seremala, alikwenda. Alipokufa mama mkwe wa jirani wa chini, alikwenda mara mbili, maana mvua zilichelewa. Alirudi amejaa vumbi na habari, macho yanang'aa, kisha usiku huo, mumewe alinieleza, alikuwa analia kwa sababu alikuwa amefurahi juu ya kaburi la mtu. Hakuwa peke yake. Juu kabisa, nyumba ya mwisho, aliishi ajuza tuliyemwita Bibi wa Juu, naye miguu yake haikuwa na maana tena. Land Rover ilikuwa na nafasi ya mmoja, kwa sababu nyuma ilijaa magunia ya parokia. Mara zote alikwenda Mama Katekista, naye hilo lilimsumbua.

Alipozidiwa, kifua nacho kikiwa kimeshaingia kwenye ugonjwa, alinishika mkono.

"Nikifa mimi wataitengeneza," alisema. "Ikishatengenezwa, Mama Pendo, usiiache ilale bure. Mpeleke Bibi wa Juu mnadani. Ni zamu yake."

Nikamwahidi. Alifariki kipindi cha vuli, alasiri, mvua ikiwa imekatika kidogo. Kesho yake asubuhi wanaume wakatoka na majembe kama kawaida, wengi kuliko misiba yote, maana yule mama alipendwa. Wakamkuta Katekista amesimama kwenye korongo la kwanza, na koti lake, na sururu mkononi.

"Kila mtu arudi na jembe lake nyumbani," alisema.

Walidhani ni uchungu. Mmoja akamshika bega, akasema, "Baba, tuache tufanye kazi, gari lipande."

"Gari lilikuwa lipande akiwa hai. Alipokuwa na macho ya kutazama vitenge, ninyi mlikuwa na migongo. Leo amefumba, mmeleta majembe. Mtambeba. Mtambeba ndani ya makorongo yenu, muyajue."

Nilishuka pale na kanga yangu ya msiba, nikamwambia mbele ya wote kwamba mkewe aliniacha na neno, kwamba alitaka njia itengenezwe kwa ajili ya Bibi wa Juu. Nililisema polepole, ili asikie. Alinitazama kama anavyotazama changarawe isiyoshindiliwa.

"Mama Pendo, funga mdomo wako. Huu ni msiba wangu."

Basi walimbeba. Mvua ilirudi wakiwa nusu ya njia. Udongo wa Karatu ukilowa ni sabuni, na wale wanaume walikuwa na viatu vya kuzikia. Kwenye korongo la pili mmoja alipiga magoti, jeneza likainama, na tulisikia mwili ukiteleza ndani na kugonga mbao. Sauti ile ninayo. Wanawake walipiga yowe. Katekista alikuwa mbele na msalaba, anaimba peke yake, hakugeuka. Nilimchukia. Natumia neno hilo nikijua uzito wake. Rafiki yangu, aliyekataa kubebwa kwenye kiti ili asionewe huruma, alibebwa kwenye tope kama gunia, ili mumewe apate la kuwaambia watu.

Alilipata. Watu waliona aibu kweli. Jumamosi iliyofuata walitoka wote, na iliyofuata pia. Kisha migongo ikaanza kuuma.

Miaka iliyofuata tulisalimiana kwa vile tu ni dhambi kutosalimiana. Aliendelea kugonga ringi na kutoka na chepe lake, wakati mwingine akiwa peke yake kabisa, na mimi nilikuwa natoka vilevile, upande wa pili wa njia, tukifanya kazi bila kutazamana. Misiba mingine ilitokea. Gari la kumpeleka Bibi sikuwa nalo, na Padre yule alikuwa amehamishwa, mpya hakuwa na habari za minada. Kila nilipopita kwa Bibi aliniuliza kama vitenge bado vinakuja, nikasema vinakuja, nikaondoka nimekunja ngumi.

Baadaye mume wangu akapata pikapu kuukuu kwa ajili ya duka, tukawa tunailaza chini barabarani kwa sababu haikuweza kupanda. Masika ya mwaka huo Katekista akaanguka. Tumbo, walisema, lakini nadhani alikuwa amechoka. Akakataa chakula. Binti yake aliyekuwa amekuja kumuuguza aliniita, akasema labda mimi atanisikiliza, jambo lililonishangaza. Nikaenda na uji wa ulezi, si kwa upendo sana, nilikwenda kwa sababu ya kile kibuyu cha mtindi cha miaka ile.

Alikuwa amelala anatazama ukuta. Mvua ilikuwa inapiga bati hadi ikabidi tuongee kwa sauti.

"Bibi wa Juu bado anapumua?" akauliza.

"Anapumua. Na bado anauliza mnada."

Akanigeukia. "Lile neno alilokuachia mwenzangu."

"Uliniambia nifunge mdomo."

"Nilikuambia," akasema. Nilisubiri aongeze kitu juu ya hapo. Hakuongeza. Badala yake akainua kidole kuelekea batini. "Sikiliza hiyo mvua. Nikifa juma hili watatupa matawi na udongo mbichi. Gari litapanda mara moja, likishuka na mimi, njia imekwisha. Bibi utampeleka lini?"

"Sasa unataka mimi nifanye nini, Katekista?"

"Unipe huo uji. Nataka nifike kiangazi."

Nilikaa kwenye kigoda nikamlisha, kijiko kwa kijiko, naye akimeza kama mtu anayemeza kokoto. Nililia kwa hasira muda wote. Nilikasirika kwamba alikuwa amelielewa lile neno siku ile ile kwenye tope na bado akaacha mkewe abebwe. Nilikasirika kwamba mtu na akili zake anapanga kufa kwake kama anavyopanga msaragambo, kwa sababu hiyo ndiyo njia pekee ya kuwatoa majirani zake ndani. Yeye aliniona nalia, akasema uji una chumvi nyingi.

Binti yake alidhani amepona. Alikula Aprili yote na Mei yote. Juni alikaa nje kwenye jua amevaa koti, akatazama udongo ukikauka na kumuuliza kila anayepita kama mashimo ya chini yana maji bado. Mwezi wa saba, vumbi likiwa limejaa, aliacha kula tena, na safari hii hakuna aliyeniita.

Wanaume walitoka wenyewe, hakuna aliyegonga ringi. Walijaza makorongo kwa mawe, wakaleta changarawe mkokoteni kwa mkokoteni, wakashindilia kwa magogo. Sijawahi kuiona njia ile ikiwa nzuri namna hiyo. Jeneza lake lilishuka hadi bondeni bila kutikisika, na watu wakasema amezikwa kwa heshima.

Siku ya mnada mume wangu aliipandisha pikapu hadi nyumba ya mwisho. Tulimketisha Bibi katikati yetu, akashuka mnadani akiwa ameshikilia mlango kwa mkono wake mwenyewe. Alishika kila kitenge, akanusa, akamwambia muuzaji kwamba ni mwizi, akachukua cha njano chenye ndege wakubwa. Alikula nyama. Aliwasalimia watu waliodhani alishakufa zamani.

Wakati wa kurudi, tukipanda mteremko wetu, gari likiwa linateleza laini juu ya changarawe mpya, alinigusa goti.

"Mama Pendo," akasema, "mgonjwa mwingine hapa mtaani ni nani?"

Nikamwambia wote ni wazima. Akasema tumshukuru Mungu, akageuza uso, akatazama njia.